Vipimo Ambavyo Sikuviandika

Mie sikuwa na daftari la vipimo. Miaka arobaini na kitu nimepima watu wa Kinondoni, wa Kimara, mpaka wa Temeke waliokuwa wakipita mafundi chungu nzima njiani ili waje kwangu, na sikuwahi kuandika inchi hata moja. Mtu akisimama mbele yangu nikamzungushia futi, akitoka amebaki wote kichwani. Akirudi mwaka unaofuata na kitambaa kingine namwambia, "Kaa, kunywa maji. Sina haja ya kukupima, tumbo tu ndio limeongezeka, nitakupa inchi mbili." Watu wanacheka, halafu wanakwenda kunisimulia kwa wenzao. Nilipenda sana kusimuliwa.

Nyie vijana wa cherehani za umeme, mnaohifadhi vipimo kwenye simu, nimesikia mnasema yule mzee alikuwa na kichwa cha kompyuta. Sio kweli. Kichwa changu kilikuwa cha kawaida, pengine chini ya kawaida. Shule niliishia darasa la tatu na hakuna mwalimu aliyekuja kunitafuta. Kichwa kile kilitengenezwa, kama mnavyotengeneza kola. Kikaja kuharibika, kikatengenezwa tena, ingawa sio chote.

Na kuna kitu nilikipoteza kwa majivuno ya kutoandika: vipimo vya mke wangu. Hivyo ndivyo vimenishikisha kalamu uzeeni, tena kwa mkono wa kushoto. Msinicheke mwandiko.

Aliyenifundisha kukata ni Bwana Hasnain, Mhindi wa Kinondoni, sasa marehemu. Duka la vitambaa lilikuwa mbele, meza ya kukatia nyuma, na yeye katikati, futi shingoni kama nyoka aliyezoea. Mwezi wa maombolezo wa Washia wenzake alivaa nyeusi na hakucheka. Miezi mingine alivaa nyeupe, na hakucheka vilevile. Nilimfikia nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Njombe, nikapewa kuwasha pasi ya mkaa na kufagia vipande.

Siku moja akampima mteja mbele yangu, akataja namba kwa sauti, mara moja tu. Mteja akaaga. Bwana Hasnain akamtazama mpaka yule mtu akavuka kona. Ndipo akanigeukia.

"Kiuno?"

"Thelathini na... mbili?"

"Unaniuliza mie?"

"Thelathini na nne."

"Sasa unakisia. Fundi anayekisia akafungue genge la nyanya. Nyanya hazina kiuno."

Jibu hakunipa. Aliniacha nitafute mpaka jasho likanitoka, ndipo akalisema kwa sauti ndogo kama siri. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, akauliza tena: kiuno cha yule mtu wa jana? Zikapita siku tatu akauliza. Ijumaa, anavaa viatu kwenda kusali, akauliza. Nilimwona mtu mwenye ugonjwa wa maswali. Leo najua alikuwa ananifundisha kitu ambacho wenye shule wanakisoma vitabuni. Alisema hivi: "Kusikia sio kukumbuka. Kukumbuka ni kutafuta. Kitu kiache kianze kukutoroka, halafu kivute kabla hakijafika mlangoni. Hapo kinashika."

Kwa hiyo, kijana, ukitaka jambo likae kichwani usilirudie mara ishirini palepale kama kasuku. Liache mpaka mteja avuke kona, kisha jiulize. Jiulize kesho kabla ya chai. Jiulize tena siku umeshaanza kulisahau. Ukiona linauma, ujue ndio linaingia.

Jambo la pili alilonipa ni mtaa.

"Unakaa wapi wewe?"

"Kimara."

"Kutoka barabara kubwa mpaka chumbani kwako ziko nyumba ngapi?"

Sikujua. Mwaka mzima napita pale asubuhi na jioni, sikujua.

"Macho yako umeyaazima?" akasema. "Nenda kahesabu."

Nikahesabu. Kumi na tisa, upande wa kushoto kama unapanda. Nilipomletea jibu akaniambia kila mteja nimpe nyumba yake. Nimwingize getini, na kwenye nguzo ya geti niandike bega kwa chaki, akilini. Barazani niandike kifua. Mlangoni kiuno. Jikoni nyonga. Uani nyuma, kwenye kamba ya nguo, urefu. Dirishani, mkono. Jioni nikitembea kurudi nyumbani nizisome zile chaki nyumba hadi nyumba, bila kusimama, watu wasinidhanie mwizi.

Mwanzoni niliona ujinga. Baada ya miezi miwili nikawa napita pale mwenyewe natabasamu, maana kwenye nyumba ya bati jekundu alikuwa ananisubiri mwalimu mmoja mwembamba, nyumba ya mkorosho ameketi karani wa bandari mwenye bega moja limeshuka. Kumi na tisa zikajaa, nikahamia mtaa wa pili, na wa tatu. Kimara yote ikawa kabati langu.

Nilikosea pia, tena vibaya. Nilipozidiwa na kazi za Krismasi niliweka watu wawili nyumba moja, ile yenye geti la bluu: mhasibu mmoja mfupi na mwalimu wa kwaya aliye kama mlingoti. Siku ya kuchukua nguo, mwalimu wa kwaya akavaa suruali pale dukani, akajitazama miguuni.

"Fundi," akasema taratibu, "hii umenipima nikiwa darasa la nne?"

Bwana Hasnain hakunifokea. Alimkatia yule mwalimu suruali mpya yeye mwenyewe, na ile fupi akanipa mie. Nikaivaa wiki nzima dukani, visigino nje, kila mteja akiuliza mafuriko yamefika wapi. Tangu hapo sikuwahi kuweka wapangaji wawili nyumba moja. Kosa lililokuaibisha ni mwalimu mzuri, ilimradi ulivae, usilifiche uvunguni.

Mke wangu aliingia dukani akiwa mteja. Yunisi, binti wa Kipare, alileta kitambaa cha sare ya kwaya kutoka kwa yuleyule mwalimu wa suruali fupi, na alikuwa ameshasimuliwa. Nilipomzungushia futi akasema, "Kaka, mie sitaki ya darasa la nne." Nikasahau namba zote palepale. Ilinibidi nimpime mara mbili, na Bwana Hasnain kule kwenye kiti akakohoa.

Yeye sikumpa nyumba ya mtaani. Zilikuwa zimejaa, hilo ni kweli, lakini sio sababu. Juu kabisa ya mtaa, baada ya ile ya kumi na tisa, palikuwa na kiwanja kitupu chenye magugu. Nikamjengea nyumba pale kichwani, chumba kimoja. Miaka minne baadaye nikakinunua kiwanja chenyewe, nikajenga, na ndimo ninamokaa mpaka leo.

Kila Desemba nilimkatia gauni. Kila Desemba nilimpima, ingawa sikuwa na haja, na kila mwaka niliongeza chumba kwenye ile nyumba ya kichwani. Chumba cha mwaka wa Tumaini, binti yetu, kiuno kimepanda inchi nne. Chumba cha mwaka aliopika maandazi ya kuuza akawa anakula yaliyovunjika, nyonga arobaini na tatu, na yeye anasema futi langu limelegea. Mwanamume mwingine ana picha za mke wake ukutani. Mie nilikuwa na inchi.

Niwaambie na hili la tabia, maana kijana mmoja kati yenu ananuka bia saa nne asubuhi na anadhani mafundi wenzake hawana pua.

Mie nilikunywa. Jioni saa kumi na moja nikifunga cherehani, mguu wenyewe ulikuwa unakata kona kwenda baa iliyokuwa karibu na kituo. Sikuwa naamua. Yunisi hakunigombeza. Alikuja siku moja akasema, "Baba Tumaini, mie siwezi tena kushuka sokoni jioni na mtoto mgongoni. Ukifunga kazi niletee mchicha." Basi. Saa ileile, mkono uliozoea chupa ukapewa fungu la mchicha. Na mtu mwenye mchicha hawezi kuingia baa. Nilijaribu, wakaniuliza kama nimekuja kuwapikia.

Tulikula mchicha mpaka Tumaini akaanza kuulilia ugali mtupu. Baada ya kama miezi mitatu nikagundua mguu unakata kona ya sokoni bila kuulizwa. Tabia mbaya huing'oi kama jino. Unaipa njia nyingine ipite, saa ileile, mahali palepale, na njia yenyewe iwe rahisi. Lakini ile ya zamani haifutiki, msidanganyike. Mpaka leo nikipita pale ilipokuwa baa, ambapo sasa pana duka la vigae, kidole gumba cha mguu wa kulia kinajua.

Kitambaa ni hivyohivyo. Ukikikunja mahali pamoja kila siku ukapitisha pasi, kinashika mkunjo. Ukitaka mkunjo mpya unanyunyiza maji, unapiga pasi upya, unarudia. Ule wa zamani unafifia, lakini ukikiinua kwenye mwanga unauona.

Yunisi akaugua. Ugonjwa sitautaja, haukuwa wa kupona. Alianza kupungua, na mie nilikuwa mtu wa kwanza kujua, kabla ya daktari na kabla yake mwenyewe, kwa sababu macho yangu yanapima hata nikiyakataza. Kila Jumatatu akienda kliniki na Tumaini, mie nilibaki nyumbani na magauni yake. Nachukua moja, nafumua pembeni, napunguza nusu inchi, nashona, napiga pasi, nalirudisha kwenye msumari kama lilivyokuwa. Sikutaka avae gauni limwambie.

Siku moja akavaa la kijani, akajipapasa ubavuni, akafuata mshono kwa kidole.

"Umelipunguza."

"Sijalipunguza. Kitambaa kimerudi kwa kufuliwa."

"Baba Tumaini, kitambaa cha mwaka wa sita kinarudi leo?"

"Maji ya Kimara hayo, yana chumvi."

Akasema, "Basi maji ya Kimara yana huruma." Hatukulizungumza tena. Lakini kila Jumatatu alipotoka alikuwa anaacha gauni moja kitandani, limegeuzwa nje ndani, tayari kwa kufumuliwa.

Mwaka huohuo alinunua kitenge, yadi tatu na nusu, zambarau yenye majani ya njano. Akaniwekea juu ya meza. "Hiki usikikate sasa. Utanishonea nikirudi mwili wangu. Nikichelewa, kikate hivyohivyo kwa mwili wangu, usije ukamkatia huyu mgonjwa." Nikamwambia sawa. Fundi akipokea kitambaa amekubali kazi. Mnajua hilo.

Alichelewa.

Siku ya arobaini ndugu zake walishuka kutoka Upareni, na kwa desturi nguo za marehemu zikagawiwa. Dada zake, mashangazi, binamu, kila mmoja na gauni lake, yote yakiwa na mshono wangu wa ubavuni uliopunguzwa mara nne, mara tano. Yalipanda basi asubuhi. Mie nilibaki na kitenge kwenye sanduku, na vyumba vyangu kichwani. Sikuona hasara. Nilijua nikitaka kumkata Yunisi wa mwaka wowote, naingia tu chumbani nasoma.

Tumaini aliniambia, "Baba, si uviandike?" Nikamjibu kwa jeuri, "Baba yako haandikagi."

Miaka mitatu baadaye kikanipiga kiharusi. Niko mezani, mkasi mkononi, nikauona unaanguka na sikuusikia ukitua. Nilipozinduka vizuri hospitalini upande wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine. Maneno nayo yalikuja nusunusu. Nikitaka kusema maji, nasema pasi. Tumaini alikuwa ananiletea maji tu, alishanielewa.

Lakini mie nilikuwa na hofu yangu ambayo sikuweza kuisema. Siku ya nne au ya tano, nimelala natazama dari, nikajaribu kupanda mtaa. Barabara kubwa niliiona. Nyumba ya kwanza nikaiona, chaki hakuna. Ya pili haina geti. Kuanzia ya tano, ukungu. Na juu kule kwenye kiwanja, giza kabisa. Nililia, na nesi akadhani ni mguu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti mmoja wa Kinyakyusa, Neema, mfupi, ana nguvu kama mpagazi wa soko. Aliamkia vizuri, "Shikamoo baba," na nikisema marahaba tu, analivuta goti langu mpaka nione nyota. Ulimi uliporudi kidogo nikamwuliza, hiki kichwa kimekwisha?

"Kuna sehemu imekufa, baba, sikufichi. Ile hairudi. Lakini ubongo sio zege, haujaganda. Sehemu nzima zinaweza kujifunza kazi za ile iliyokufa, zikalazimishwa. Zinajitengenezea njia mpya kwa kurudiarudia. Kidogo, kila siku, na kiwe kigumu kiasi. Ukifanya chepesi tu, ubongo unalala."

"Mkunjo," nikasema.

"Nini?"

"Unanieleza kitambaa, binti. Maji, pasi, rudia."

Akacheka. "Haya, fundi. Sasa piga pasi." Akanipa kokoto thelathini nizihamishe bakuli hadi bakuli kwa mkono uliokufa. Kokoto ya kwanza ilinichukua muda wa kuchemsha chai.

Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Kwa mkono wa kushoto, mstari mmoja kwa siku, jambo lolote nililolikumbuka. Nikamwambia mie siandikagi. "Ndio maana uandike," akasema. "Chepesi kwako hakikusaidii." Siku ya kwanza kwa kiburi nikataka nijaze ukurasa mzima. Nikashindwa, nikalitupa daftari chini ya kitanda, likakaa huko wiki mbili. Neema akauliza, "Asubuhi huwa unafanya nini bila kukosa?" Nikasema chai. "Basi daftari likae juu ya chupa ya chai. Huwezi kumimina bila kulishika. Ukilishika, mstari mmoja. Usizidishe, hata ukitaka."

Lilikuwa wazo la mchicha lilelile. Laiti angekuwepo Yunisi amsikie, wangeelewana wale wawili, wangenimaliza.

Basi ikawa hivyo. Mstari mmoja, halafu chai. Jioni nilitembea mtaa wenyewe na fimbo, Tumaini pembeni. Lakini nyumba za mbele hazikuwepo. Barabara ilipopanuliwa zile saba za kwanza zilikuwa zimevunjwa, miaka kadhaa nyuma, na wenyewe wamehamia mbali. Mie kabla ya kuugua sikujali, maana kichwani zilikuwa bado zimesimama. Sasa nikawa nasimama pembeni ya lami, namwonyesha Tumaini hewa. Hapa palikuwa na bati jekundu. Hapa mkorosho. Anaitikia, "Ndio baba." Watu wa bodaboda wanatutazama.

Nilijiuliza maswali ya Bwana Hasnain. Kiuno cha mwalimu mwembamba? Nikishindwa sikukisia. Nilitembea nalo swali mpaka kesho. Mwezi wa pili, nimeshika chupa ya chai, likaja: ishirini na nane, na kwamba alipenda mifuko yenye kina apate kuwekea chaki zake. Nikaandika. Kalamu ya kushoto ikachana karatasi. Akafuata karani wa bandari na bega lake. Akaja mwalimu wa kwaya, na suruali yake fupi ikanipandisha kicheko peke yangu jikoni. Neema aliposoma alisema huo mstari mmoja unamfurahisha kuliko goti.

Wengi hawakurudi. Kama theluthi moja ya watu wangu walirudi, sio zaidi. Namshukuru Mungu kwa hao.

Nikaona sasa niko tayari kwa kiwanja. Nikapanda mpaka juu, nikafungua mlango wa nyumba ya Yunisi, na nikamkuta. Namba zilikuja bila kusita, zimenyooka: kifua thelathini na moja. Kiuno ishirini na tano. Nyonga thelathini na nne.

Nilikaa chini. Huyo hakuwa Yunisi aliyeniachia kazi. Huyo alikuwa yule wa Jumatatu. Nilijaribu vyumba vingine, kila mlango nikifungua yupo yuleyule amesimama, amekonda, ameshika gauni limegeuzwa nje ndani.

Nikamweleza Neema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kuvuta goti.

"Baba, tangu mama afariki, ulikuwa unamkumbuka akiwa vipi?"

"Mgonjwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi hiyo ndiyo uliyoipiga pasi. Ubongo hauchagui, baba. Hauulizi hii ni nzuri au inaumiza. Unachopitia sana ndicho unachokitunza."

Vijana, hapo ndipo nataka mniangalie usoni. Miaka mitatu mie niliona namkumbuka mke wangu, kumbe namfumua. Kila siku nusu inchi. Miaka thelathini na mitatu ya mwanamke mzima, mwenye maandazi yake na matani yake, nimeipunguza ikawa mwaka mmoja wa ugonjwa, kwa sababu ndio nilioupitisha akilini asubuhi na jioni. Majonzi nayo ni tabia. Yana saa yake na kona yake.

Sikuweza kumfukuza yule mgonjwa, na sikutaka. Naye ni Yunisi. Nilichofanya ni kuyapa majonzi njia nyingine yapite. Kila asubuhi, juu ya chupa ya chai, mstari mmoja wa Yunisi mzima, hata kama hauna namba. *Alikuwa anapuliza chai mpaka inapoa halafu analalamika imepoa. Aliimba sauti ya pili na kuikanyaga ya kwanza. Aliniambia sitaki ya darasa la nne.* Mwezi mzima hakuna inchi iliyokuja. Mwezi wa pili, katikati ya habari ya maandazi yaliyovunjika, mkono wenyewe ukaandika nyonga arobaini na tatu, nami nikasikia kabisa, "Futi lako limelegea." Wiki iliyofuata kifua, kisha kiuno. Halafu bega. Urefu nilihangaika nao mpaka nikamkumbuka amesimama mlangoni, bega usawa wa komeo, pindo linagusa pale kigingi cha chini cha mlango kilipo, na vyote vipo mpaka leo. Nikaenda na futi, nikapima mlango.

Kikabaki kipimo kimoja, mkono. Mkono wa gauni, kutoka begani. Wiki tano. Dirisha la ile nyumba ya kichwani nililitazama mpaka likanichosha, halina chaki hata kidogo. Tumaini akasema, "Baba, kata bila mikono." Nikakataa. Nimepewa kazi, siipeleki nusu.

Jana asubuhi nilikuwa namwangalia Tumaini akisonga ugali. Akasimama, akaukunja mkono wa blauzi mara mbili juu ya kiwiko, akaendelea. Vilevile kama mama yake. Nikakumbuka kwa nini hakuna chaki dirishani. Haikuwahi kuwepo. Kila Desemba, miaka yote, nikifika mkononi Yunisi alikuwa analisukuma futi: "Huko weka wowote, nitaukunja tu mbele ya sufuria." Nami sikuwahi kumpima mkono. Wiki tano nimetafuta kitu ambacho hakikuwekwa.

Kitenge nimekitandika mezani. Mkasi naushika kwa kushoto, wa kulia unaweza kukandamiza kitambaa, hiyo inatosha. Nikikosea hakuna yadi nyingine, ule muundo hauuzwi tena. Kwa hiyo nimepiga pasi, nimenoa mkasi, na kabla sijakata naviandika hapa vyote pamoja, mara ya kwanza maishani, mbele yenu:

Yunisi, Desemba, mwaka wa maandazi.

Bega, kumi na tano na nusu.
Kifua, thelathini na nane.
Kiuno, thelathini na tatu.
Nyonga, arobaini na tatu.
Urefu, arobaini na saba.
Mkono, wowote. Ataukunja.